Namba ya Jolán Bakos Iliyokataa Kugawanyika

Watu wa Kisborda walimjua Jolán Bakos kwa mambo mawili. La kwanza, geti lake la reli halikuwahi kuchelewa kufungwa. La pili, midomo yake ilikuwa ikicheza muda wote, hata alipokuwa peke yake, kiasi kwamba kasisi mpya alidhani amepata muumini wa kupigiwa mfano. Hakuwa akisali. Alikuwa akigawanya.

Yeye na mumewe Ambrus walikaa kwenye nyumba ya shirika la reli, nusu saa kwa miguu kutoka mjini, pale barabara ya mashamba ya vitunguu inapokatana na njia ya treni ya kwenda Szeged. Ambrus alikuwa mkaguzi wa njia. Kila asubuhi alitembea kilomita saba juu ya mataruma akiwa na spana begani, akikaza boliti. Jolán alilinda geti. Treni zilikuwa nane kwa siku, na kati ya treni na treni palikuwa na kimya kirefu, kuku, na upepo wa tambarare.

Shule alisoma madarasa sita tu. Lakini katika darasa la sita mwalimu aliwaambia kuna namba ambazo hazigawanyiki kwa chochote isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe, na kwamba zinaitwa namba tasa. Jolán akanyoosha mkono akataja tisini na moja. Mwalimu akacheka: saba mara kumi na tatu. Darasa zima likacheka naye. Msichana yule alirudi nyumbani masikio yakimwaka, akaapa kwamba namba haitamdanganya tena maishani. Alipoolewa na kupewa geti, akaanza kuzitafuta zote kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, akiziandika kwa kalamu ya zambarau ya reli nyuma ya ratiba zilizopitwa na wakati. Miaka kumi na minne baadaye alikuwa na orodha ya namba tasa zote hadi elfu kumi. Mabehewa ya mizigo yalipopita alisoma namba zilizopakwa ubavuni, na kabla behewa la mwisho halijatoweka alikuwa ameshajua zipi ni tasa na zipi si kitu.

Wapo walioona ni wazimu. Gizella Tóbiás, aliyekuwa akipeleka vitunguu sokoni kwa gari la farasi, ndiye aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote.

"Jolán! Fungua geti bwana, vitunguu vitaota humu humu garini!"

"Treni ikipita nitafungua."

"Na hayo makaratasi? Bado unachezea zile namba zako tasa?"

"Bado."

"Mmepatana kweli kweli. Mwanamke tasa na namba tasa!"

Vibarua waliokaa juu ya magunia wakacheka, kisha mmoja wao akaacha kucheka, akatazama pembeni. Jolán alikuwa na miaka thelathini na tisa na mimba tatu zilikuwa zimetoka. Hakuna asiyelijua hilo pale Kisborda. Alisubiri treni ipite, akainua geti taratibu kama kawaida.

"Hizi hazina kasoro, Gizella," alisema. "Hazigawanyiki, basi."

Oktoba ya mwaka 1934, Jumapili moja baada ya ibada, alikuwa amekaa karibu na mlango katika Chama cha Wasomaji, mahali walipokaa wanawake. Mwenyekiti wa chama alikuwa Mwalimu Tihamér Orosz, mzee mwembamba aliyefundisha hesabu shule ya wavulana kwa miaka thelathini na hakuwahi kuonekana bila tai. Mkononi alikuwa na gazeti la kila mwezi la wapenda hesabu, lililotoka Budapest.

"Safari hii wameleta fumbo zuri," alisema. "Chukueni 7393. Ni tasa. Kateni tarakimu ya mwisho: 739. Tasa pia. Kateni tena: 73. Tasa. Kateni tena: 7. Tasa. Mhariri anauliza, nani atamletea namba kubwa kuliko zote yenye tabia hii? Mwisho wa kupokea majibu ni Mei mwakani."

"Na wewe, Mwalimu, umefika wapi?" mtu akauliza.

"Mimi nimefika 739399." Aliiandika ubaoni kwa mwandiko wake wa kupendeza. "Tarakimu sita. Nimejaribu kuongeza ya saba, haikubali. Nadhani hapo ndipo ukuta ulipo."

Sauti ikatoka mlangoni. "Mwalimu, samahani. Na matawi mengine umeyafuata?"

Vichwa vikageuka. Mwalimu akavua miwani. "Matawi gani, Bi Bakos?"

"Ukiwa kwenye 73939 si lazima uongeze tisa. Ukiongeza moja ni tasa. Tatu ni tasa. Saba ni tasa."

"Nilichukua iliyo kubwa, bibie. Kinachotafutwa si kikubwa?"

"Lakini hiyo kubwa ndiyo iliyokufa," Jolán alisema. "Labda ndogo inaendelea."

Kicheko kikapita chumbani, na mwenye duka la nyama akauliza kwa sauti kama siku hizi treni zinajilinda zenyewe. Mwalimu hakucheka. Alivaa miwani yake akautazama ubao kwa muda, kisha akahamia kwenye habari za kuni za jiko la chama.

Kazi ilianza siku iliyofuata. Jolán alichora mti mkubwa nyuma ya ratiba ya mwaka 1929. Alijua kwamba mwishoni anaweza kuweka moja, tatu, saba au tisa tu. Namba shufwa zote zinagawanyika kwa mbili, na inayoishia na tano inagawanyika kwa tano. Kila tawi lililogawanyika alilipiga mstari. Kila lililokataa aliliongezea tarakimu na kuanza upya. Kadiri namba zilivyorefuka ndivyo ilivyobidi kuzijaribu kwa vigawanyo vingi zaidi, mamia kwa mamia, kwa mkono, kati ya treni ya mizigo na treni ya abiria, mikono ikinuka moshi wa jiko.

Ambrus alirudi saa kumi jioni na baridi masharubuni, akala supu yake ya maharage, kisha akachukua kurasa za siku ile na kuzidisha kila kitu kinyumenyume kuhakikisha. Hakujua hesabu nyingine, lakini kuzidisha alijua, na hakuwa mtu wa kuruka boliti.

Mwishoni mwa Januari, katika ukoo wa 73939, namba tatu zenye tarakimu saba zilikuwa bado zimesimama. Mbili zikafa zilipoongezwa ya nane. Iliyobaki ilikuwa 7393913, iliyotokana na ile moja ndogo ambayo Mwalimu aliiruka. Jolán akaiongezea. Moja na saba zilianguka papo hapo kwa tatu. Tisa ilianguka kwa themanini na tatu. Ikabaki tatu: 73939133.

"Hii ina sura ya ukaidi," alimwambia mumewe.

"Utaijaribu mpaka wapi?"

"Mpaka 8597. Inayofuata baada ya hapo ni 8599, na hiyo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unaipita namba yangu. Kigawanyo kikubwa zaidi ya hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo mdogo nitakuwa nimeshakutana naye."

Ambrus alihesabu kurasa za orodha kwa kidole. "Jolán, hizi ni zaidi ya elfu moja."

"Najua."

"Basi pokea kalamu mpya. Nimeiomba stesheni, nimewaambia ile nyingine imeliwa na mbuzi."

Februari ikapita, Machi ikapita. Saba ilibakiza mbili. Kumi na tisa ilibakiza sita. Kila jioni Ambrus aliuliza swali lile lile kabla hata ya kuvua buti.

"Leo ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na imekubali?"

"Imekataa zote."

"Kichwa kigumu hicho. Kama mama yako."

Kulikuwa na siku za kukata tamaa. Aprili, akiwa kwenye elfu sita na kitu, alipata jibu lisilo na baki. Alikaa ameduwaa, miezi yote ile ikimwangukia kifuani, mpaka Ambrus alipozidisha akakuta ameandika sita mahali pa sifuri. Jolán alicheka huku machozi yakimtoka, akaenda kuwamwagia kuku mahindi, akarudi akaanza tena.

Tarehe kumi na tatu Mei, saa nane na nusu mchana, aligawanya kwa 8597. Ilikwenda mara elfu nane na mia sita, ikabaki 4933. Hapakuwa na nyingine ya kujaribu. Wakati huo huo kengele ya geti ikalia, akatoka mbio na bendera, na dereva wa treni ya Szeged alimwona mlinda geti akirukaruka kwenye nyasi kwa sketi yake nyeusi. Akadhani kuna hatari, akapiga breki.

"Kuna nini, mama?" alipaza sauti dirishani.

"Hakuna kitu! Pita! Haigawanyiki!"

Barua ilitumwa kupitia chama, kwa sababu gazeti lilikuwa la chama. Jibu lilikuja Juni, kwa jina la Mwalimu Orosz, naye akalifungua mbele ya watu wote siku ya Jumapili, kwani hakuona sababu ya kuficha. Alisoma kwa sauti yake ya darasani: mhariri anamshukuru Bi Bakos kwa bidii, lakini anasikitika kwamba namba yake si tasa. Inagawanyika kwa hamsini na tatu. Jibu ni 1,395,078.

"Hamsini na tatu!" mwenye duka la nyama alipiga paja. "Miezi minane! Hata mimi hamsini na tatu ningejaribu!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Gizella Tóbiás aliinama akamnong'oneza jirani yake, na jirani akafunika mdomo. Ambrus alisimama, shingo imewiva, lakini Jolán akamshika mkono.

"Mwalimu," alisema, "naomba urudie lile jibu. Tarakimu ya mwisho ni ngapi?"

"Nane."

"Nane ni namba gani, shufwa au witiri?"

"Shufwa, bila shaka."

"Na ukizidisha kitu chochote kwa namba shufwa, unapata nini?"

Mwalimu Orosz akaitazama barua. Kicheko kilikuwa bado kinaendelea pembeni, lakini mbele ya chumba kilishaanza kufa.

"Namba yangu inaishia na tatu," Jolán alisema. "Ni witiri. Haiwezi kutoka humo."

Mwalimu akaenda ubaoni. Alizidisha 1,395,078 kwa hamsini na tatu polepole, chaki ikilia, na watu wakanyamaza mmoja mmoja. Ikatoka 73,939,134.

"Imezidi moja," alisema kwa sauti ndogo.

"Hiyo moja ni ya mhariri," Ambrus akasema. "Mrudishieni."

Safari hii walicheka upande wake. Lakini Mwalimu alinyanyua mkono. Alikuwa mtu mgumu, na ugumu wake haukubagua. "Mhariri kukosea si uthibitisho kwamba wewe umepatia, Bi Bakos. Nipe makaratasi yako. Nitayapitia yote, mstari kwa mstari. Nikiona sawa, nitaandika Budapest kwa mkono wangu. Nikiona kosa, nitalisema hapa hapa."

"Nayaleta kesho," Jolán alisema.

Mwalimu alikaa nayo wiki tatu. Mjini watu walisema taa yake haizimwi na kwamba mpishi wake amechoka kupasha chakula. Kisha, adhuhuri moja ya Julai, Jolán alimwona akija kwa miguu kwenye barabara ya mashamba, ametota jasho, tai shingoni, mkoba wa makaratasi kwapani. Gari la Gizella lilikuwa limefika getini wakati huo huo, na geti lilikuwa chini.

"Mgawanyo wako sijaona kosa," Mwalimu alisema bila hata salamu. "Hata mmoja. Lakini orodha yako ina shimo. Umetoka 7907 ukaenda 7927. Katikati kuna 7919. Ni tasa. Umeiruka."

Jolán aliingia ndani mbio. Alichukua orodha ya zamani, ile ya miaka kumi na minne, akafuata kwa kidole. Kweli. Pale palipopaswa kuwa na 7919 palikuwa na doa la mafuta ya taa.

"Umeijaribu?" aliuliza.

"Sijaijaribu. Ni namba yako. Niliona si haki niijue kabla yako."

Treni ikapita kwanza, mabehewa thelathini na mawili, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Jolán hakusoma namba hata moja. Ilipokwisha kupita, hakuinua geti. Mwalimu alitoa chaki mfukoni, wakatazamana, na Jolán akaanza kugawanya kwenye ubao mweusi wa geti lenyewe, ule wa kuandika saa za treni.

"Haya, fungueni basi!" Gizella alipiga kelele. "Mnafanya nini hapo?"

"Nyamaza, mwanamke!" Mwalimu Orosz akamfokea. Hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Gizella alishuka garini akaja kutazama, mikono kiunoni.

7919 ilikwenda mara tisa, ikabaki. Ikashushwa tarakimu, ikaenda mara tatu, ikabaki. Mara tatu tena. Jolán alikuwa akiandika polepole mno, kama anayeogopa kuiamsha. Mwisho ikaenda mara sita.

"Ikibaki sifuri?" Gizella alinong'ona.

"Ikibaki sifuri nimekwisha," Jolán alisema, akatoa. Ikabaki 7349.

Mwalimu alirudia kutoa kwa kidole hewani, mara mbili. Kisha akavua kofia yake, akaishika kifuani juani hapo, nywele chache za mvi zimegandamana.

"Bi Bakos," alisema, "nimefundisha hesabu miaka thelathini. Mimi nilisimama kwenye tarakimu sita nikaita ukuta."

Gizella aliutazama ubao, akamtazama Jolán, akautazama ubao tena. "Kwa hiyo imekataa?"

"Imekataa."

"Imekataa yote elfu na kitu?"

"Yote."

Gizella akarudi garini. Alipokuja tena alikuwa amebeba shada zima la vitunguu vilivyosukwa, vile vikubwa vya kupeleka maonyesho, akalitundika kwenye nguzo ya geti. Alishika mkono wa Jolán kwa nguvu, akaugandamiza, kisha akapanda na kuwapigia farasi mluzi.

Barua ya Mwalimu ilikuwa na kurasa nne. Mhariri hakujibu kwa barua. Alikuja mwenyewe, Jumapili ya pili ya Agosti, kwa treni ya asubuhi: Daktari Gedeon Fáy, mtu mnene mwenye suti ya kitani na aibu kubwa usoni. Dereva, aliyekwisha kusikia habari, alisimamisha treni pale pale getini badala ya stesheni. Daktari Fáy aliteremka kwa shida, akambusu Jolán mkono kama anavyobusiwa mke wa mkuu wa mkoa.

"Bibi, niliifanya ile hesabu kwenye tramu, nimesimama," alisema. "Nikakuongezea moja ambayo hukuniomba. Nisamehe."

"Nimeshasamehe, Daktari. Bila ile moja wasingenisikiliza."

Alasiri Chama cha Wasomaji kilijaa hadi madirishani. Nje, Ambrus na wanaume wengine walikoroga sufuria kubwa ya supu ya samaki yenye pilipili nyekundu, na harufu yake iliingia ndani kila mlango ulipofunguliwa. Daktari Fáy alieleza kwamba gazeti lilipokea majibu mia moja na kumi na saba kutoka nchi nzima, na hakuna lililofika ukubwa huo. Wasomaji wengine walikuwa wameyafuata matawi mengine yote wakapata namba nne tu za tarakimu nane, zote ndogo kuliko hii, na gazeti lilikuwa limezichapisha. Na hiyo haikuwa yote. Tangu Mei, Jolán alikuwa ameendelea kuiongezea tarakimu ya tisa, kisha akaziongezea na zile nne, na matawi yote yalikuwa yamekufa.

"Maana yake, mabibi na mabwana," Daktari Fáy alisema, "haitatokea nyingine. Si kwamba hatujaipata. Haipo. Ya mwisho ni hii, na imetoka kwenye kibanda cha reli cha Kisborda."

Watu walipiga makofi mpaka vioo vikatikisika. Mtu akapaza sauti kwamba wanataka kuiona. Jolán akaitwa mbele. Alipita katikati ya viti vya wanaume, akachukua chaki, akaiandika ubao mzima: 73939133. Kisha akashika kitambaa, akafuta ile tatu ya mwisho.

"7393913," alisema. "Ni nini?"

"Tasa!" akajibu Mwalimu Orosz peke yake.

Akafuta tena. "739391?"

"Tasa!" Sasa walikuwa kumi, ishirini.

"73939?"

"Tasa!" Wanawake wa mlangoni walisimama juu ya mabenchi. Gizella Tóbiás alipiga kelele kuwashinda wote, na neno lile lilipotoka kinywani mwake safari hii lilikuwa sifa, na kila aliyekuwemo alisikia tofauti.

"7393?" "739?" "73?"

Ukumbi mzima uliitikia. Wapishi waliacha sufuria wakaja dirishani, miiko mikononi. Ubaoni ilibaki tarakimu moja peke yake, nyeupe, imesimama wima. Jolán aligeuka akawatazama wote, mashavu yamemwiva, chaki hadi kwenye viwiko.

"Na saba?" aliuliza.

Jibu lao, walisema waliokuwa stesheni, lilisikika mpaka huko.